Kubadilisha Raba ya Sivi Nyumbani: Ushauri kwa Wenye Magari wa Isongole na Vijiji vya Ileje

Miongoni mwa vipuri vya gari dogo, ni vichache vyenye bei ndogo na dhamana kubwa kama raba ya sivi, yaani mfuko wa mpira wenye mikunjo unaofunika kiungo cha shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la mbele. Dhamana hiyo ni ya mambo mawili: kuizuia grisi isitoke ndani ya kiungo, na kuzuia vumbi, mchanga na maji visiingie. Raba inapopasuka gari haliachi kutembea, usukani haubadiliki, na hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi, na kwa sababu hiyo wenye magari wengi huendelea na safari zao kwa wiki au miezi mpaka kiungo chenyewe, ambacho gharama yake huwa mara kadhaa ya gharama ya raba, kinapoanza kugonga kwenye kila kona. Ushauri unaofuata unahusu namna mtu mwenye vifaa vya kawaida na siku moja ya nafasi anavyoweza kuibadilisha raba hiyo nyumbani kwake, na unaanza na swali linalopaswa kutangulia spana, nalo ni kama raba pekee bado inatosha.

Isongole, mji mdogo wa wilaya ya Ileje ulio mpakani mwa Tanzania na Malawi, mkabala na Chitipa, ni mahali ambapo raba za sivi hazipati mapumziko. Barabara ya lami ya takribani kilomita 50 inayotoka Mpemba, kwenye barabara kuu ya TANZAM karibu na Tunduma, imepunguza sana adha ya safari, lakini gari la Isongole haliishi juu ya lami peke yake. Likiiacha barabara hiyo na kushika njia za vijiji vya milima ya Bundali, hukutana na udongo, makorongo na kona za kupanda na kushuka zinazomlazimu dereva akate usukani karibu na mwisho wake huku akikanyaga mafuta, na hapo ndipo mikunjo ya raba hubanwa upande mmoja na kutanuliwa upande wa pili katika kila mzunguko wa gurudumu. Msimu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, huleta tope linalojishindilia ndani ya mikunjo na kuusugua mpira linapokauka. Kiangazi kinachofuata huleta vumbi laini linalopenya hata katika ufa usioonekana kwa jicho la haraka. Juu ya hayo, magari madogo mengi ya huko ni ya Kijapani yaliyoingia nchini yakiwa yametumika kwa miaka mingi, na raba zake huweza kuwa zile zile zilizofungwa kiwandani, zilizokwisha kuzeeka kabla gari halijateremshwa bandarini Dar es Salaam.

Ili kuelewa kwa nini ufa mdogo una madhara makubwa, inafaa kuujua muundo wa shafti yenyewe. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele lina shafti mbili, moja kwa kila upande, na kila shafti ina viungo viwili, kimoja cha ndani kilicho karibu na giaboksi na kingine cha nje kilicho karibu na gurudumu, kwa hiyo gari moja lina raba nne. Kiungo cha nje, ambacho ndicho mafundi hukiita sivi au sivi jointi, kinatakiwa kupitisha mzunguko bila kuuongeza wala kuupunguza kasi hata kinapojipinda kwa pembe kubwa wakati gari linakata kona. Muundo wake unaotumika zaidi ulibuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920, na ulipata umaarufu baada ya gari la Mini lililotoka Uingereza mwaka 1959 kuonyesha kuwa unafaa hata katika gari dogo la bei nafuu. Ndani ya kikombe cha chuma kigumu kuna gololi sita zinazotembea katika mifereji iliyochongwa kwa usahihi mkubwa, zikishikiliwa na pete yenye madirisha sita. Kiungo cha ndani kwa kawaida hakina gololi bali kina roli tatu zinazoteleza mbele na nyuma, kwa kuwa urefu wa shafti hauna budi kubadilika kidogo kila gurudumu linapopanda na kushuka. Nguvu yote inayolifikia gurudumu hupita kwenye sehemu ndogo ambapo gololi hugusana na mifereji, na kinachotenganisha chuma na chuma mahali hapo ni utando mwembamba wa grisi. Mchanga ukiingia humo, grisi hugeuka msasa.

Ukaguzi hauhitaji kuinua gari. Usukani hukatwa hadi mwisho upande mmoja, mkaguzi akachungulia kwa tochi katika nafasi inayofunguka kati ya gurudumu na bodi, kisha usukani hukatwa upande wa pili na ukaguzi kurudiwa. Dalili ya kwanza si ufa wenyewe bali ni grisi nyeusi iliyorushwa kwa duara kwenye upande wa ndani wa rimu, kwenye kalipa ya breki na kwenye sehemu ya chini ya shokapu. Grisi hiyo ikiwa laini na yenye kung'aa, raba imepasuka hivi karibuni. Ikiwa imekauka na kushikana na vumbi kama gamba, imekuwa wazi kwa muda mrefu. Mahali pasipo na grisi iliyorushwa bado panastahili kupapaswa, kwa sababu ufa huanzia katika bonde la mkunjo, ambapo jicho halifiki mpaka mkunjo utanuliwe kwa vidole. Raba yenye nyufa nyingi ndogo kavu bado inafanya kazi, lakini haifai kuaminiwa kwa msimu mzima wa mvua, na mwenye kuibadilisha wakati huo, kabla grisi haijatoka wala uchafu haujaingia, ndiye anayepata faida kamili ya bei ndogo ya kipuri hiki.

Baada ya macho hufuata masikio. Gari huendeshwa taratibu kwenye uwanja ulio wazi, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kwanza kulia kisha kushoto, huku dereva akiongeza mafuta kidogo. Mlio wa kugonga unaojirudia kwa mpigo na kuongezeka kasi pamoja na gurudumu maana yake ni kwamba mifereji au gololi za kiungo cha nje zimekwisha kulika, na hapo raba mpya haisaidii chochote, kwa sababu chuma kilicholika hakirudi. Gari linalotetemeka linapopanda mlima kwa usukani ulionyooka, na kutulia mguu unapoondolewa kwenye mafuta, huelekeza tuhuma kwenye kiungo cha ndani. Katika hali zote mbili uamuzi wa busara ni kununua kiungo kipya, ambacho kwa kawaida huja na raba yake, au shafti nzima. Shafti iliyotolewa kwenye gari jingine hupatikana kwa bei nafuu na huwavutia wengi, lakini mnunuzi hupata pia umri wa raba zake, na si jambo la ajabu kulipa fedha na kurudi nyumbani na shafti inayohitaji kazi ile ile. Ikiwa kiungo kiko kimya na mpasuko ni wa siku chache, raba inatosha. Kilicho kimya lakini kimekuwa wazi kwa muda mrefu hakiwezi kuhukumiwa kutoka nje, na uamuzi wake hufanywa kikiwa mkononi, kimeoshwa.

Kununua raba kunahitaji uangalifu kuliko inavyodhaniwa, hasa kwa mtu wa Isongole ambaye kosa la dukani humgharimu safari nyingine ya Tunduma au hata ya Mbeya. Jina la gari halitoshi, kwa kuwa magari yenye jina moja hutofautiana kwa injini, kwa giaboksi na kwa mwaka wa kutengenezwa. Mnunuzi aende na namba ya chesisi, aina ya giaboksi, na taarifa kama gari lina breki za ABS, pamoja na vipimo vitatu vilivyochukuliwa kwenye raba ya zamani, yaani upana wa mdomo mkubwa, upana wa mdomo mdogo na urefu wake. Pakiti kamili huwa na raba, klipu mbili ambazo ni mikanda ya chuma ya kubania midomo hiyo, na kifuko cha grisi nyeusi. Pete ndogo ya chuma inayofunga kiungo kwenye shafti, pamoja na nati mpya ya habu, hununuliwa kando iwapo havimo. Raba za mpira laini ni rahisi kufunga, ilhali zile za plastiki ngumu huvumilia zaidi kokoto lakini hudai klipu imara na mkono wenye nguvu. Iwapo raba ya upande mmoja imechoka kwa umri, ya upande wa pili ina umri ule ule, kwa hiyo kununua mbili kwa safari moja ni hesabu sahihi.

Zipo pia raba zilizopasuliwa kwa urefu, ambazo huvishwa bila kufungua kitu na kugundishwa kwa gundi. Wauzaji huzisifia kwa wepesi wake, lakini gundi hiyo haishiki mahali palipoguswa na grisi, na mahali pasipoguswa na grisi chini ya gari lenye raba iliyopasuka ni pachache. Zaidi ya hayo, raba hizo humnyima fundi nafasi ya kukitoa na kukiosha kiungo, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Hukumu hiyo hiyo inahusu desturi ya kuizungushia raba vipande vya tyubu ya baiskeli na waya. Ufumbuzi wa namna hiyo unaweza kulifikisha gari nyumbani kutoka porini, na kwa hilo unastahili heshima yake, lakini ukiachwa kwa wiki nzima hufungia mchanga ndani badala ya kuuzuia nje.

Vifaa vinavyohitajika ni jeki imara, stendi au mbadala wake, spana za kawaida, spana boksi ya nati ya habu ambayo kwa magari mengi madogo ya Toyota ni ya milimita 30, bomba la chuma la kurefushia mkono wa spana, patasi ndogo, nyundo ya chuma na nyingine ya plastiki au ya mbao, kipande cha shaba cha kugongea, koleo, miwani ya kukinga macho, mafuta ya taa, mswaki wa zamani na matambara mengi. Mahali pa kazi pawe tambarare na pagumu, sharti ambalo si rahisi katika nyumba zilizojengwa kwenye miteremko ya Ileje, lakini halina mjadala. Magurudumu ya nyuma yawekewe vigingi pande zote mbili, breki ya mkono ivutwe, na chini ya jeki uwekwe ubao mnene ili isizame kwenye udongo. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Gari likishainuliwa lazima likalie stendi, na asiye na stendi apange magogo mafupi ya mti mgumu yaliyokingamana, kisha alaze gurudumu lililofunguliwa chini ya bodi liwe kinga ya pili. Matofali ya kuchoma yasitumike hata kidogo, kwa sababu tofali linalobeba nyumba nzima likiwa ndani ya ukuta hupasuka ghafla likiwekewa uzito kwenye ncha moja.

Nati ya habu, ile kubwa iliyo katikati ya gurudumu inayoishikilia ncha ya shafti, hulegezwa gari likiwa bado limekanyaga chini, mtu mwingine akiwa amekanyaga breki. Katika magari mengi ukingo wa nati hiyo umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti ili nati isijifungue, na katika mengine kuna kofia na spliti pini; ukingo huo uinuliwe kwanza kwa patasi, au pini itolewe, kwa kuwa anayelazimisha nati iliyofungwa huharibu uzi wa shafti, na shafti iliyoharibika uzi haina tiba nyepesi. Baada ya hapo gari huinuliwa, gurudumu hutolewa, na kishikizo cha waya wa ABS pamoja na cha paipu ya breki hufunguliwa pale vinapozuia mwendo wa habu.

Hatua inayofuata ni kuitenganisha habu na amu ya chini, yaani mkono wa chuma unaoiunganisha na fremu ya gari. Katika magari mengi madogo ya Toyota, boli jointi, ambayo ni kiungo cha mviringo kinachoiruhusu habu kugeuka na kupanda, imefungwa kwenye amu hiyo kwa bolti moja na nati mbili. Zikifunguliwa, amu husukumwa chini kwa bomba na habu huachiwa huru kuvutwa nje. Njia hii ni bora kuliko kufungua bolti za shokapu, kwa sababu katika magari mengi bolti hizo zikiguswa hubadilisha mkao wa gurudumu na kulilazimu gari kupelekwa kupimwa upya. Ncha ya shafti husukumwa itoke kwenye habu, na ikigoma, nati hurudishwa mpaka iwe sawa na mwisho wa uzi ndipo igongwe kwa nyundo ya plastiki. Shafti yenyewe isivutwe. Anayeivuta kwa pupa huzitoa roli tatu za kiungo cha ndani kwenye kikombe chake, na hujikuta na kazi mbili mahali pa moja.

Hapa magari hugawanyika. Katika baadhi, kiungo cha nje kimefungwa kwenye shafti kwa pete ndogo ya chuma yenye mwanya, ambayo hujibana kinapogongwa, na kiungo hutoka kwa pigo moja au mawili ya uhakika yanayotua kwenye kitovu chake cha ndani kupitia kipande cha shaba. Kugonga kikombe au pete ya madirisha ni kukivunja. Mengine yana kiungo cha nje kisichokusudiwa kutolewa, na raba yake huingizwa kutoka upande wa pili. Katika hali hiyo klipu za raba ya ndani hukatwa, shafti huchomolewa pamoja na roli zake huku kikombe cha ndani kikibaki kwenye giaboksi, jambo linaloepusha oili ya giaboksi kumwagika, kisha alama ya rangi hupigwa kwenye roli na kwenye shafti ili zirudi zilivyokuwa, pete ya kufungia hutolewa kwa koleo, na kitovu cha roli hugongwa taratibu mpaka kitoke, bila nyundo kuzigusa roli zenyewe. Ni njia ndefu zaidi, lakini ina fadhila ya kumpa mmiliki raba mbili mpya kwa kazi moja. Fundi anayechukua nyundo kubwa kabla ya kuuliza gari ni la kundi lipi aongozwe kwa upole kurudi kwenye kitabu cha gari.

Kuosha ndiyo sehemu inayoamua maisha ya kazi yote, na ndiyo inayoharakishwa kuliko zote. Grisi ya zamani hutolewa kwa vidole na tambara. Kidogo chake kikisuguliwa kati ya kidole gumba na cha shahada hutoa habari ya kuaminika, kwa kuwa grisi safi huteleza kimya ilhali iliyoingiwa mchanga hukwaruza na kusikika. Kiungo huzamishwa kwenye kopo la mafuta ya taa na kusuguliwa kwa mswaki, mafuta hayo humwagwa kwenye chombo kingine, na zoezi hurudiwa kwa mafuta masafi mpaka tambara jeupe linalopitishwa kwenye mifereji litoke bila alama. Petroli haifai kwa kazi hii kwa sababu mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo, na nyumbani jiko la mkaa haliko mbali. Maji na sabuni yasikaribie.

Kiungo kikiwa safi, kitovu chake huinamishwa taratibu upande mmoja, gololi moja baada ya nyingine ikijitokeza kwenye dirisha lake, na kila moja hugeuzwa na kutazamwa kwenye mwanga wa jua. Mstari unaong'aa kama kioo ndani ya mfereji ni alama ya kawaida ya kazi na hauna madhara. Vijishimo kwenye gololi, rangi ya bluu inayotokana na joto kali, ufa kwenye kona za madirisha, au ukingo ambao ukucha unakwama ukipitishwa kwenye mfereji, vyote ni hukumu ya kifo kwa kiungo hicho, na ni nafuu kuipokea hapo kuliko kuifunga ndani ya raba mpya. Gololi ikidondoka irudishwe kwenye dirisha lile lile ilimotoka, maana kila moja imezoeana na mfereji wake. Kiungo kilichopita ukaguzi hukaushwa kabisa juani kwenye tambara safi, au kwa pumpu ya tairi, kwa sababu mafuta ya taa yakibaki ndani huilegeza grisi mpya.

Grisi inayotakiwa ni ile nyeusi yenye molibdeni, madini yanayobaki juu ya chuma hata utando wa grisi unapobanwa sana. Grisi ya njano au nyekundu ya beringi, inayopatikana kila duka, imetengenezwa kwa mzigo wa namna nyingine na haipaswi kuchukua nafasi yake. Kifuko cha pakiti hupimwa na mtengenezaji kulingana na kiungo, hivyo kitumike chote na kisiongezwe: sehemu kubwa hushindiliwa kwa kidole kupitia tundu la katikati mpaka ijitokeze kati ya gololi, na inayobaki huwekwa ndani ya raba. Anayejaza raba hadi mdomoni kwa kudhani anaongeza ulinzi huifanya ivimbe inapopata joto na kujitoa kwenye klipu. Kiungo cha ndani, kikiwa kimefunguliwa, hupewa grisi iliyokuja na raba yake, na grisi hizo mbili zisichanganywe.

Kabla ya kuvisha, meno ya shafti hufunikwa kwa utepe wa umeme ili yasiichane raba mpya, kisha huingizwa klipu ndogo, raba, na klipu kubwa kwa mpangilio huo. Utepe hutolewa, pete mpya hukaa kwenye mfereji wake, na kiungo hugongwa kwa nyundo ya plastiki mpaka pete isikike ikijifunga; kikivutwa kwa nguvu ya mikono kisitoke. Midomo ya raba na mahali inapokaa vipanguswe vikauke kabisa, kwa sababu grisi iliyobaki chini ya klipu huifanya raba iteleze hata klipu ikikazwa vipi. Kisha raba huwekwa katika urefu wake wa kawaida, bila kuvutwa wala kusokoteka, na mdomo mdogo huinuliwa kidogo kwa bisibisi isiyo na makali ili hewa iliyonaswa itoke. Raba iliyofungwa na hewa nyingi huvimba, na iliyonyonywa hujikunja ndani na kusuguana na shafti. Klipu hukazwa kwa koleo mpaka zisizunguke kwa mkono. Tai za plastiki zinazofungia nyaya zisitumike badala yake, kwani joto na grisi huzilegeza.

Kurudisha vitu ni kufuata njia ile ile kinyumenyume. Nati na bolti za boli jointi hukazwa kwa kiwango cha kitabu cha gari, nati mpya ya habu huingizwa kwa mkono, gurudumu hufungwa, gari hushushwa, na hapo ndipo nati ya habu hukazwa kwa nguvu yake kamili. Kwa magari mengi madogo ya Toyota nguvu hiyo ni takribani nyutoni-mita 216, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Asiye na spana ya kupimia anaweza kukaribia kiwango hicho kwa bomba la mita moja, likiwa limelala usawa, na mizani ya kuning'iniza ya kupimia mazao: mizani ikifungwa mwishoni mwa bomba na kuvutwa chini mpaka isome kilo 22, nati imefika. Ukingo wake hugongwa kwa patasi butu uingie kwenye mfereji, au spliti pini mpya huwekwa. Gari lisisukumwe hata mita chache shafti ikiwa nje au nati ikiwa legevu, kwa sababu beringi ya habu hushikwa pamoja na nati hiyo, na uzito wa gari unaweza kuiharibu.

Mafuta ya taa yaliyotumika na grisi ya zamani visimwagwe mtaroni. Mto Songwe, unaochora sehemu ya mpaka na Malawi, humwaga maji yake Ziwa Nyasa, na kinachotupwa uani wakati wa mvua hakibaki uani. Chombo chenye kifuniko kinatosha mpaka vipelekwe kwenye gereji inayokusanya oili chafu.

Baada ya safari fupi ya kwanza, na tena baada ya kilomita 100 hivi, upande wa ndani wa rimu, ambao ulipaswa kufutwa vizuri siku ya kazi, humulikwa kwa tochi na nati za gurudumu hukaguliwa. Rimu ikiwa kavu, raba imekaa. Ikiwa na alama mpya za grisi, klipu imelegea, nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo, kabla gari halijarudi kwenye vumbi.